Qalal: laana inayoanza kwa dharau

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anapokutana na neno laana, mara nyingi hana njia ya kujua ni neno lipi la Kiebrania lililo nyuma yake, kwa sababu yako kadhaa. Liko arar, linalotamkwa juu ya nyoka na juu ya ardhi katika Mwanzo 3, na ambalo Walawi wanalirudia mara 12 katika Kumbukumbu la Torati 27 huku watu wakiitikia "Amina". Liko ala, ambalo ni kiapo kilichobeba adhabu ya atakayekivunja. Na liko qalal, ambalo naona ndilo linaloeleweka vibaya kuliko mengine katika mahubiri yetu.

Maana ya msingi ya qalal ni kuwa mwepesi, au kupungua. Nuhu alipomtoa njiwa katika safina ili aone kama maji yamepungua juu ya nchi, kitenzi kilichotumika ni hicho (Mwanzo 8:8), wala hakuna laana yoyote mahali pale. Kitenzi hicho kikitiwa katika umbo linaloitwa pieli, ambalo aghalabu huonyesha kumfanya mtu au kitu kiwe katika hali fulani, kinakuwa qillel: kumfanya mtu mwepesi, kumshusha, kumtukana. Hapo ndipo wafasiri wanapoandika "kulaani".

Kinyume chake ni kabed, kuwa mzito, na humo ndimo linamotoka neno kavod, yaani utukufu. Kwa Mswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu, maana sisi wenyewe humwita mwenye cheo na hadhi "mtu mzito". Amri ya kuwaheshimu baba na mama (Kutoka 20:12) ni, kwa Kiebrania, amri ya kuwapa uzito, na katika sura inayofuata, Kutoka 21:17, anayemfanyia baba yake au mama yake qillel anahukumiwa kifo. Katika mila zetu nyingi laana huteremka: mzazi ndiye anayelaani, na mtoto ndiye anayekosa radhi. Hapa mwelekeo umegeuka. Mwenye kosa ni mtoto, na kosa lenyewe ni kumwondolea mzazi uzito wake, iwe ni kwa matusi au kwa njia nyingine. Ezekieli 22:7 hutumia mzizi huu huu kueleza jinsi watu wa Yerusalemu walivyowadharau baba na mama. Kumbukumbu la Torati 27:16 inamtamkia arar mtu anayemtweza mzazi wake, na kitenzi cha kutweza kilichomo humo ni cha mzizi jirani, qala. Dharau ni tendo la mtoto. Laana ni hukumu inayolifuata. Hata Mathayo 15:4, inapoinukuu sheria ya Kutoka kwa Kigiriki, inatumia kitenzi chenye maana ya kusema vibaya juu ya mtu.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Shimei katika 2 Samweli 16. Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu, na anapofika Bahurimu anatoka mtu wa jamaa ya Sauli, anatembea ubavuni mwa mlima sambamba na mfalme, akirusha mawe na kutimua vumbi. Andiko linasema mara kadhaa kwamba alikuwa akilaani, na kila mara kitenzi ni qillel. Lakini yasikilize maneno yenyewe. Anamfukuza Daudi, anamwita mtu wa damu na mtu asiyefaa, na anadai kwamba Bwana amemlipa kwa damu ya nyumba ya Sauli na kumpa Absalomu ufalme. Katika maneno hayo yote hamna arar hata moja, wala hamwombei Daudi baya ambalo halijampata bado. Anamvua mfalme heshima mbele ya watu wake, na kwa Kiebrania hilo latosha kuitwa qillel. Abishai anataka kwenda kumkata kichwa "mbwa mfu" huyo, ila Daudi anamzuia kwa hoja ya ajabu kidogo, kwamba huenda Bwana akamrudishia mema badala ya laana ya siku ile. Asidhani mtu kwamba Daudi aliyaona ni maneno matupu: akiwa karibu kufa anamkumbusha Sulemani habari za Shimei (1 Wafalme 2:8), na Shimei hakufa kifo cha kawaida.

Wala sisemi kwamba mpaka kati ya maneno haya umenyooka kila mahali. Kutoka 22:28 inayaweka qillel na arar sambamba katika mstari mmoja, la kwanza kwa habari ya Mungu na la pili kwa habari ya mkuu wa watu. Goliathi alimfanyia Daudi qillel kwa miungu yake (1 Samweli 17:43), na Elisha aliwafanyia hivyo vijana wa Betheli kwa jina la Bwana, ndipo dubu wawili wakatoka mwituni wakawararua 42 miongoni mwao (2 Wafalme 2:24). Hayo si matusi tu. Lakini tazama kwamba katika habari zote mbili limetajwa jina la mwenye uwezo, na naona nguvu inatoka huko.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi katika Mwanzo 12:3. Biblia ya Union Version ya 1952 inasema, "naye akulaaniye nitamlaani", kana kwamba pande mbili zinarushiana silaha moja. Kiebrania kina vitenzi viwili: atakayemfanyia Abramu qillel, Mungu atamfanyia arar. Sitawalaumu wafasiri wetu, kwa kuwa tafsiri ya kale ya Kigiriki na ile ya Kilatini nazo zilitumia kitenzi kimoja mara mbili. Hata hivyo, anayeufundisha mstari huu katika mikutano ya kuvunja laana za ukoo, akitafuta ni babu yupi aliyetamka nini, amehama kwenye andiko. Kinachoadhibiwa hapa ni dharau ya aliye hai, tena dharau ya kawaida kabisa.

Na hata hiyo adhabu haishuki yenyewe kama mtego uliofyatuka. Sura nne mbele, Hajiri anajiona ana mimba, na bibi yake Sarai anakuwa mwepesi machoni pake. Mzizi ni qalal, na aliyedharauliwa ni mke wa Abramu mwenyewe. Kwa kufuata 12:3 neno kwa neno, tungetazamia arar. Badala yake malaika wa Bwana anamkuta penye chemchemi katika njia ya Shuri, anamwamuru arudi akanyenyekee chini ya bibi yake, kisha anamwahidi uzao usiohesabika kwa wingi wake.