Bilauri ya bibi na meli ya skrepa

Juzi mwenzenu nimevunja bilauri ya bibi, ile yenye mstari wa dhahabu mdomoni, inayokaa kabatini haitoki mpaka aje mgeni. Vipande saba tu, nikasema ah, supaglu ipo. Nimekesha nayo mezani, mwisho wa siku imesimama upande kama jino bovu na kidole changu kimegandia kwenye kitako chake.

Ndo nikaikumbuka meli ya Serçe Limanı, pwani ya Uturuki inapotazamana na kisiwa cha Rhodes. Ilizama kama mwaka 1025 hivi, wamejuaje? Mle ndani kulikuwa na sarafu na vile vijiwe vya mizani vya kioo vya Wafatimiyya, watawala wa Misri enzi hizo, na vingine vimeandikwa mwaka. Timu ya George Bass, mwanaakiolojia wa chini ya bahari, iliifukua 1977 mpaka 1979 na kumbe sehemu kubwa ya mzigo ni skrepa aisee! Tani kama 3 za kioo, mbili mabonge ghafi, moja vyombo vilivyovunjika pamoja na mabaki ya karakana, chupa zilizopinda, shingo zilizokatwa, vitu ambavyo hata sokoni havikufika. Maana kioo kikuukuu kinayeyuka kwa moto mdogo kuliko ukianza na mchanga na majivu, kuni zinapungua, kwa hiyo takataka ilikuwa pesa, kama hawa vijana wanaopita na gunia asubuhi wanaita chupaaa, vyuma chakavuuu.

Sasa mimi nalia na vipande saba, wale walikuwa na kati ya laki tano na milioni! Wakavitandaza kule Bodrum, mji wa hukohuko Uturuki, kijani huku, zambarau huku, halafu mdomo na mdomo, kitako na kitako, na kitabu cha hicho kioo kimekuja kutoka 2009, hesabu mwenyewe. Zikatoka bakuli, jagi, na bilauri zenye simba wamechongwa wanatembea kuizunguka, hizo ndo zangu.

Mitandaoni ukisema kioo cha Kiislamu watu wanarusha kandili za Wamamluki tu, watawala wa Misri wa baadaye, zile zilizopakwa dhahabu zenye Ayatun-Nur, aya ya Nuru ya Qur'ani, nzuri mno sikatai, ila zile masultani na wakubwa wao walizitoa zawadi kwa misikiti. Mimi nataka kuona mtu alinywea nini maji nyumbani kwake.

Bibi yangu kaiinua ile yangu kwenye mwanga, kacheka mpaka kakaa chini. "Hii hata chumvi haikai, mjukuu wangu." Kaiweka nje mlangoni, kijana wa gunia anapita Jumamosi.