Mtetea Aliyewika

Mjomba alikuwa baharia wa meli za kigeni, na baharia wa Amu, yaani Lamu, harudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1991 alishuka gatini na sanduku lililofungwa kamba, na chini kabisa, ndani ya shati lake la kazi, mlikuwa na kaseti ya video. Alisema ni ya watoto. Ameinunua Marekani, hadithi yenyewe ni ya Uingereza, na inaitwa Peter Pan, mchezo wa kuigiza wa mvulana anayeruka angani na asiyekubali kukua.

Kwetu hatukuwa na deki. Ya kwanza tuliyoijaribu, kwa shangazi kule Langoni, ilionyesha mistari tu, picha ikipanda na kushuka kama mashua kwenye mkondo. Kaseti za Marekani zilirekodiwa kwa mfumo wa NTSC, na vyombo vyetu vilikuwa vya PAL. Hilo nimelijua ukubwani. Wakati ule tuliambiwa tu kwamba kaseti "haielewani" na deki. Ikabaki nyumba moja, ya jirani aliyetoka Arabuni na deki inayokubali mifumo yote. Kwake picha ilitulia, ila runinga yake haikuweza kuzitoa rangi. Kwa hiyo Peter Pan niliyemjua mimi alikuwa mweusi na mweupe, na Kisiwa cha Kamwe, anakoishi, cha kijivu kama Manda alfajiri ya kusi.

Tuliitazama kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, watoto kumi au zaidi juu ya mkeka mmoja. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nyimbo hazikutushinda. Kapteni Hook tulimpa jina letu, Nahodha Kulabu. Kila alipotokea yule mamba aliyemeza saa, sote tulilia tik-tak mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Na yule Tinker Bell, ambaye ni nuru tu inayorukaruka, alipokunywa sumu na Peter kuomba watazamaji wampigie makofi ili apone, tulipiga mpaka viganja vikawasha. Bibi alikuwa amekaa kitini nyuma yetu, buibui limemshuka mabegani. "Jini hapigiwi makofi," alisema. "Jini husomewa."

Lakini kitu kilichonitia wazimu kilikuwa kule kuwika. Peter akifurahi huweka mikono kiunoni, akatupa kichwa nyuma, akawika kama jogoo. Nikaanza kuwika na mimi. Niliwika darini, niliwika njiani, niliwika nikienda chuoni kusoma Kurani. Siku moja nikawika Bibi akiwa anasokota ukili, akaniita: "Ndoo hapa. Mtetea akiwika hufanywani?" Nilijua jibu. Kuku jike akiwika ni nuksi, huchinjwa siku hiyohiyo. Nikamwambia mimi ni Peter, na Peter ni mvulana. Bibi akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi.

"Yule si mume. Yule ni mke."

Nilimkasirikia siku mbili nzima. Dada zangu walishika upande wake papo hapo, na mimi nikabaki peke yangu kumtetea mvulana wangu.

Kisha deki ikala kaseti. Iliila karibu na mwisho, wale watoto ambao Peter aliwachukua kisiwani wameshaingia kwa dirishani na mama yao amewakumbatia. Mlio kama wa karatasi ikichanwa, halafu tepu ikatoka mashineni ikiwa imejikunja kama mishipi iliyonasa. Tukaikata kwa wembe, tukaiunga kwa selotepu, na kilichofuata baada ya pale hatukuwahi kukiona, maana hata Ijumaa zilizotangulia umeme ulikuwa ukikatika hapohapo. Kwangu mimi hadithi iliishia kwenye kumbatio lile. Kila aliyeondoka alirudi, basi.

Mwaka 2008 nilikuwa nafanya kazi Mombasa. Binamu yangu anayeishi ng'ambo akaniletea DVD yake. Nilipanda basi alfajiri mpaka Mokowe, nikavuka kwa boti, na usiku huo, baada ya isha, nikaiweka ukumbini kwetu Mkomani. Bibi alikuwa amezeeka. Mtoto wa jicho alikuwa ameshakula macho yote mawili, na habari ya kupasuliwa hakutaka kuisikia. Nilimbusu mkono, nikamuuliza kama nimsomee au niweke kile kitu cha zamani. "Weka," akasema. "Mato hayaoni, mashikio yasikia."

Kitu cha kwanza kilikuwa rangi. Nilikaa mdomo wazi. Peter alikuwa wa kijani! Miaka kumi na saba nilikuwa nikimbeba kichwani akiwa kijivu, na kumbe alivaa majani mabichi, na koti la Nahodha Kulabu lilikuwa na urembo ambao bwana harusi yeyote wa Amu angeuonea wivu.

Kitu cha pili zilikuwa nyaya. Ukijua pa kutazama unaziona zikimeta pale Peter anapopaa. Na kitu cha tatu kilikuwa jina. Mary Martin ndiye aliyekuwa Peter. Alianza kuuigiza mchezo huu Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, mwaka 1954, mwaka uliofuata ukaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ya NBC na kutazamwa na mamilioni ya watu, na hii niliyokuwa naitazama ilionyeshwa tarehe 8 Desemba 1960. Yeye alikuwa na miaka 47. Nahodha Kulabu alikuwa Cyril Ritchard, huyohuyo aliyekuwa baba wa watoto mwanzoni, jambo nililokuwa nikibishana nalo na dada zangu hadi kupigana. (Hilo nilishinda mimi, angalau.) Kipande cha Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili wa Marekani, sikukiweza. Kiongozi wao msichana mwenye nywele za dhahabu, na wimbo wao maneno yasiyo na maana. Nilikiruka bila kumwambia Bibi.

"Kweli ni mwanamke," nikamwambia. "Ulijuaje?"

"Kwa kusimama kwake." Akanyosha miguu kitini, akaipanua, akaweka mikono kiunoni. "Mume hasimami hivi. Hana haja, ni mume tayari. Husimama hivi mke ajifanyae mume." Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunitajia: kwamba enzi za lelemama, ngoma ya wanawake, kabla ya uhuru, akina wao walikuwa wakivaa kanzu na kofia za waume zao wakashindana na kikundi cha mtaa wa pili, na yeye ndiye aliyekuwa akitembea mbele na bakora. Bibi yangu, ambaye alinikataza kuwika!

"Mbona ulisema mtetea huchinjwa?"

"Nalisema huchinjwa. Sikusema nalikuchinja."

Tukafika kwenye kumbatio. Nikashika rimoti kwa mazoea, kama kwamba picha itakatika. Haikukatika. Miaka ikapita, Peter akarudi, yuleyule, kimo kilekile, kumchukua Wendy, mkubwa wa wale watoto, na Wendy amekuwa mtu mzima. Ana binti. Wendy akamwambia Peter kwamba yeye hawezi tena kuruka. Peter hataki kusikia, analia. Kisha binti anaamka, na yeye ndiye anayeondoka naye.

Nilikuwa namweleza Bibi kila kinachopita, na hapo sauti ikanigomea. Akangoja. Ukumbini hapakusikika kitu ila pangaboi la juu na punda mmoja anayelia upande wa ngomeni.

"Mamake yuko wapi?" akauliza.

"Amebaki dirishani."

"Amelifunga?"

"Hapana. Liko wazi."

Akanyamaza kidogo, akipapasa fimbo yake chini ya kiti.

"Haya, letu kalifunge. Mbu waingia."