Desimali mbili nilizozitunga mwenyewe

Nilipima upana wa fremu ya dirisha kwa tepu ya inchi, nikaandika 47. Fundi wa vioo alitaka sentimita. Nikazidisha kwa 2.54 kwenye simu, ikatoka 119.38, nikamtumia hivyohivyo na roho ikatulia, maana namba yenye desimali mbili huonekana imepimwa na mtu makini. Kioo kilipokuja kilikuwa kimezidi fremu kwa karibu milimita nane.

Fundi hakukosea, alikata alichoambiwa. Wala 2.54 haina kosa: tangu makubaliano ya mwaka 1959, inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, kwa hiyo kizidisho hicho hakiongezi shaka yoyote. Shaka ilikuwa kwenye 47 yangu. Ukingo wa fremu uliishia kabla kidogo ya mstari, nami nikaona si neno. Basi 47 ile ilikuwa popote kati ya 46.5 na 47.5, yaani sentimita 1.27 huku na huku. Ile .38 ilitungwa na kikokotoo, mimi nikaitia sahihi.

Kanuni ya shuleni inasema jibu libaki na tarakimu muhimu, yaani zile zinazobeba kipimo chenyewe, nyingi kama za kipimo. 47 ina mbili, kwa hiyo 120, sifuri ikishika nafasi tu. Hapo huwa nabishana nayo: 120 ya tarakimu mbili inabeba shaka ya sentimita tano huku na huku, karibu mara nne ya shaka niliyokuwa nayo. Sasa nageuza vyote viwili, kipimo na shaka yake, kisha naikata namba pale shaka inapoanzia. Ingekuwa 119.

Kuna na mtego wa upande wa pili, kubania kizidisho. Marathoni ni maili 26.2. Zidisha kwa 1.6 upate kilomita 41.9, zidisha kwa 1.609344 upate 42.2. Mbio zenyewe ni kilomita 42.195, kwa hiyo umeshamwibia mkimbiaji karibu mita 300. Siku hizi nabeba tarakimu zote hadi hatua ya mwisho, nakadiria mara moja tu. Na nikisoma kwamba joto la kawaida la mwili ni Farenhaiti 98.6, nacheka kidogo: ni Selsiasi 37 iliyogeuzwa, hiyo .6 haikutoka kwenye kipimajoto.

Nilirudi dirishani na tepu ileile, safari hii nikisoma vijistari: inchi 46 na 11/16. Kikokotoo kikanipa 118.58625. Kijistari kimoja ni milimita 1.6, nusu yake 0.8, basi nikaandika 118.6.

"Hicho ni kipimo cha kioo au cha fremu?" fundi akauliza.

"Cha fremu."

Akakata 118.2, apate nafasi ya mpira.