Mshipi wa Kuvutwa Mlimani

Nauli ya kutoka Nairobi hadi Christchurch ilinichubua mfuko kiasi kwamba niliapa kutoongeza hata shilingi moja kabla ya kuondoka, lakini binamu yangu anayeishi huko New Zealand alinionya mapema. Viwanja vya skii (kuteleza juu ya theluji) alivyotaka kunipeleka, Craigieburn na Broken River, vinaendeshwa na vyama vya wanachama, watu hupandishwa mlimani kwa kamba, na asiye na mshipi unaomfaa huteremka mapema akishika mbavu.

Kamba yenyewe ni ndefu, huzungushwa na injini bila kupumzika na hupita kwenye kapi zilizofungwa nguzoni. Huwezi kuing'ang'ania kwa mikono hadi juu, kwa sababu vidole vitakutana na kapi. Ndiyo maana mtu huvaa mshipi wenye kamba fupi, na mwisho wa kamba hiyo pana kibanio cha chuma chenye mikono miwili, ambacho huibana kamba kubwa na kupita kwenye kapi bila kuiachia. Uzito wote wa mwili huvutwa kupitia mshipi, na mkono una kazi ya kukifunga kibanio tu.

Nilianza kuutafuta mshipi huo Kirinyaga Road, katika duka linalouza helmeti na viatu vya mjengo. Kijana wa duka alinitolea mshipi wa rangi ya machungwa unaovaliwa na wapaka rangi wa maghorofa, akauvuta kwa nguvu zake zote mbele ya macho yangu. "Kastama wangu, hata ukifungwa nyuma ya lori, huu haukatiki," aliniambia, na sikuwa na sababu ya kumbishia. Tatizo ni kwamba pete yake ya chuma iko mgongoni, kati ya mabega, kwa kuwa umetengenezwa kumdaka mtu anayeanguka. Nilimweleza kwamba mimi sitaanguka bali nitavutwa, tena kwa mbele. Alifikiri kidogo, kisha akauvaa yeye mwenyewe kinyumenyume ili pete ije kifuani, na kamba za mabega zikampita kooni. Alimwomba mwenzake amvute. Alipiga hatua tatu huku kidevu kimeelekea dari, wateja wakacheka hadi mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta, na bado kijana huyo, akiwa anakohoa, alinitajia bei ya elfu saba na kuniahidi kuipunguza.

Hatimaye niliazima mshipi wa kukwea miamba kwa dada mmoja anayepandisha watu Batian, kilele cha Mlima Kenya. Huo una kitanzi cha kuvutia mbele, chini ya kitovu, na vitanzi viwili vya mapaja. Nilikuwa na wasiwasi na vile vitanzi vidogo vya kuning'inizia vyuma ubavuni, kwa kuwa chochote kinachopepea karibu na kamba inayokimbia, iwe skafu, nywele au ncha ya utepe, kinaweza kunaswa na kumburuta mtu hadi kwenye kapi.

Kuhusu ndege sina la kusimulia ila bei ya chai uwanjani, ambayo ingelisha watu wanne githeri.

Siku ya kwanza binamu alisisitiza nijaribu mshipi wa kukodi kutoka duka moja la mjini, kwa kuwa tayari alikuwa ameulipia. Ulikuwa utepe mmoja wa nailoni wenye bizimu, hauna vitanzi vya mapaja. Kamba iliponivuta, ulipanda kutoka nyongani hadi chini ya matiti na kunibana pumzi. Hapo nilimkumbuka mvuta mkokoteni wa Marikiti, anayeinama ili mzigo uvutwe na nyonga na miguu, na nikaelewa kwamba kazi ya vitanzi vya mapaja ni hiyo hiyo, kuuzuia mshipi usihame mahali penye mfupa. Nilipovaa ule wa kuazima, maumivu yaliisha. Mzee mmoja mwanachama aliukagua bila kuombwa, akavizungushia vile vitanzi vya ubavuni utepe wa gundi, akachomeka ncha zote ndani, kisha akaifupisha kamba ya kibanio hadi niweze kuifikia kamba kubwa nikiwa nimekunja kiwiko kidogo. Alinieleza kwamba ikiwa ndefu mno mikono ndiyo itakayovuta, na ikiwa fupi mno utalalia kamba.

Lawama yangu kwa mshipi wa kukwea ni moja tu: vitanzi vya mapaja visivyofunguka. Kuvivaa juu ya buti za skii, penye upepo na theluji, ni mateso, na nililazimika kuvua buti kila nilipousahau kibandani. Madukani huko nimeona mishipi mipana yenye bizimu mapajani, lakini bei yake ilinifanya niirudishe rafuni kwa heshima. Nimempelekea fundi mmoja wa Kariokor mchoro wake. Amekubali kuushona kwa utepe wa mikanda ya magari, ila bizimu, amesema, nimletee mwenyewe.