Nissan ya Mombasa, 2003

Kabla ya sheria za 2004 za Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya, matatu za Nissan za Malindi–Mombasa zilikuwa hazijui mkanda, wala abiria 14, wala kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Ulikaa pale ulipobanwa. Mimi, mtoto bado, nilibanwa na mama nyuma ya dereva, na toka tulipoondoka stendi nilikuwa nikitazama mshale wa spidi umelala kwenye sifuri.

Gede, Nissan nyingine ikatupita, utingo wake ananing'inia mlangoni akitupungia mkono. Vijana wa kiti cha nyuma wakachachamaa.

"Dere, unakubali? Kanyaga waya!"

"Tia moto, tia moto!"

"Kanyaga mafuta, tumle huyo!"

Dereva hakusema kitu. Shingo ilishuka mabegani, mguu ukazama. Miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke ikawa haihesabiki tena. Mshale, sifuri vile vile.

Mbele yangu kidogo alikaa bibi mmoja wa buibui, amepakata mkate wa sinia uliofungwa kwa leso. Kila breki ikipigwa alishika sinia, si kiti.

"Baba, umepakia watu, si magunia."

"Nyanya, tulia," utingo akasema. "Hii ndege."

"Ndege ina mikanda, mwanangu. Yako i wapi?"

Gari zima likacheka, vijana wakanuna.

Matsangoni sikuiona kabisa. Kilifi, kabla ya daraja, askari walikuwa barabarani, na ghafla tukawa tunakwenda mwendo wa bi harusi. Bibi hakungoja. "Shusha hapa hapa!" Mama naye akashuka, mimi nikivutwa mkono huku nalia kwamba tulikuwa karibu kuishika ile nyingine. Utingo alirudisha nusu ya nauli. Bibi akazihesabu mbele ya askari, akadai shilingi kumi zaidi, akapewa.

Gari tulilopata baadaye lilikuwa la mzee mwenye kofia ya kiua, mkono mmoja nje ya dirisha. Tulipita mashamba ya katani ya Vipingo akiitikia salamu za kila aliyekuwa kando ya njia. Naapa, baiskeli ilitupita. Bibi akamwuliza mama saa, akaguna. Huko Mombasa arusi ilikuwa baada ya alasiri.

"Baba," akamwambia mzee, "waya usiukanyage, lakini hata kuugusa?"