Jedwali la alama lilinidanganya, maharagwe yakaniokoa

Kikundi chetu kina vizimba vya ngege (tilapia) upande wa Dunga, Ziwa Victoria pale Kisumu, tukaamua tujenge jukwaa la kuelea, mlinzi apate pa kulala na chakula cha samaki kikae pakavu. Kwa vile mimi ndio nilisomea mambo ya uinjinia wakanitupia kazi ya kuchagua disaini. Zilikuwa nne: mapipa ya plastiki ya lita 200, mabomba ya HDPE (ile plastiki ngumu ya mabomba ya maji), boti mbili kuukuu zikiunganishwa, na nguzo za kupigwa mpaka chini.

Ushauri nilipata wa kumwaga. Mmoja alinitumia picha za Hywind ya Scotland, zile mitambo ya upepo za 2017, ati tufanye boya refu kama lile. Bana, lile boya limezama karibu mita 78 na ziwa letu lote wastani wake ni mita 40! Mwingine akasema peana kila kigezo uzito, zidisha, jumlisha, kwisha. Nikakesha na laptopu. HDPE ikashinda, nikajiona profesa, kumbe nilikuwa naipenda tangu mwanzo, nikiongeza uzito wa bei kidogo tu mapipa yanapita mbele. Nani aliandika hizo uzito? Si ni mimi!

Nikaachana nayo nikashika njia ya Stuart Pugh, yule profesa wa Strathclyde kule Glasgow. Unachukua disaini moja mnayoijua iwe kipimo, zingine unauliza tu, kwa kigezo hiki ni bora, mbaya ama sawa? Kipimo kikawa boti, nani hapa hajalala kwa boti. Nikapanga vikombe, kila disaini na kikombe chake kwa kila kigezo, haragwe ni bora, punje ya mahindi ni mbaya, sawa usiweke kitu, na kila mtu aingie peke yake asichungulie mwenyekiti ameweka nini. Hapo kwa kuchungulia ndio mikutano yetu huharibikia.

Mzee mmoja akazunguka meza mara mbili. "Injinia, na kikombe cha gugu kiko wapi?"

Nilinyamaza. Upepo ukigeuka gugu maji linakuja kama shamba zima linatembea, linang'oa nanga. Kesho yake tukarudia na kigezo cha gugu. Nguzo zikajaa mahindi, na watu bado wanakumbuka 2020 vile maji yalipanda yakameza bichi. Mapipa yakashinda kwa sababu moja likipasuka unalitoa unaweka lingine, HDPE mpaka uite fundi na mashine yake.

Halafu tukaiba kitu kwa boti: pua. Jukwaa lina pua na limefungwa nanga hapo mbele pekee, so linazunguka na upepo vile zile meli za FPSO, zinazotia nanga baharini kupokea na kuhifadhi mafuta ya visima, hufanya, gugu linapasuliwa linapita kando. Ilitumeza kama laki mbili na kitu, chai sijahesabu.

Jioni ile tulichanganya vikombe vyote tukachemsha nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. Kikombe changu cha HDPE kilimwaga mahindi matupu.