Siku moja na siti za Noah, uani kwangu Barani

Watu wakisikia nashona siti za gari wanadhani nakata kitambaa, navalisha kama foronya ya mto, jioni nimemaliza nahesabu pesa. Nimeamua niandike siku moja tu, Jumatano iliyopita, vile ilivyokwenda toka alfajiri mpaka usiku. Nafanyia nyumbani, Barani hapa Malindi, chini ya mkungu ulioko uani, cherehani iko barazani. Sina gereji. Nina turubai, meza ya mbao ya kukatia, na mke mvumilivu, manake siti zikishajaa uani kamba ya nguo haina pa kufungwa.

Saa 11 na kitu alfajiri. Nikitoka kuswali sirudi kitandani, hiyo ndo saa ya kukata. Huu mwezi wa pili kaskazi imekaza, ikifika saa 3 joto limeshapanda na leza, ile ngozi ya kushonea siti, inalainika, inavutika mkononi. Ukiikata imevutika, ikipoa inarudi, kipande kinakuwa kifupi na ushaharibu mita nzima, na hii leza natoa Mombasa, inapakiwa kwa matatu kilomita 120. Kwa hivo nakata mapema. Kava ya zamani naifumua mshono kwa mshono na wembe, kila kipande nakiandika nambari, nakichora mshale kionyeshe juu ni wapi, nakilaza juu ya leza na kukifuata kwa chaki. Ila haifuatwi ilivyo! Kava imekaliwa miaka, pale pa makalio imetanuka, ukiichora vile vile kava mpya itakuja imelegea, itafanya mikunjo kabla mwezi haujaisha. Lazima ujue upunguze wapi na kiasi gani, na hilo hakuna aliyenionyesha, nimelijua kwa kuharibu.

Saa 1, chai na mahamri kwa mbaazi.

Saa 2 nikaanza kutoa siti mbili za mbele. Gari ni Noah ya mzee mmoja anayebeba wageni, leo Gede, kesho Watamu, keshokutwa Marafa. Zile tano za nyuma nilikuwa nimezimaliza Jumatatu na Jumanne, rangi ya kahawia yote, mshono mweupe. Siti ya mbele haing'olewi tu. Kwanza nafungua waya wa hasi kwenye betri, halafu naiacha gari itulie dakika kumi, manake chini ya siti kuna plagi ya manjano, na manjano kwenye gari maana yake ni eabegi, ule mfuko wa hewa unaofura gari ikigongwa. Hii Noah ina eabegi za ubavuni, zimo ndani ya siti zenyewe, pembeni pa mgongo upande wa mlango, na kuna kitambulisho kidogo kimeshonewa hapo, SRS AIRBAG. Bolti ni nne kila siti, zafunguliwa kwa soketi namba 14. Mbili za nyuma zilikuwa zimeshikana na kutu, chumvi ya bahari inaingia na viatu vya wageni na haitoki tena. Chini ya siti ya dereva nilikuta mchanga mweupe wa ufuoni, vumbi jekundu la Marafa juu yake kama keki, shilingi arobaini, na kiatu kimoja cha mtoto.

Saa 3 mzee akaja.

Nikamsalimu, nikampa kiti cha plastiki, mke wangu akamtilia kahawa. Alikuja kuangalia tu, alisema, kesho saa 12 asubuhi ana wageni wa Marafa. Akaangalia siti za nyuma akafurahi, akapapasa, akasema mashallah. Halafu akaona siti za mbele zimelala kwenye turubai na kale kapande ka pembeni, ka kitambaa cha kijivu cha kiwandani, sijakafumua.

"Mwanangu, na hiki?"

Nikamwambia mzee wangu, hicho tulikizungumza siku ya kwanza, ndo pale penye eabegi, hapafunikwi. Na kweli nilimwambia, na aliitikia sawa sawa, ila siku hiyo alikuwa na simu sikioni. Sasa ndo anaona kwa macho. Akasema gari yote kahawia halafu hapa kijivu, kitambaa, si kitaonekana kiraka? Nikamweleza. Mfuko uko hapa ndani, gari ikigongwa ubavuni unatoka kabla hujapepesa jicho, na njia yake ya kutokea ni huu mshono, kiwandani wameushona makusudi upasuke. Mimi nikifunika kwa leza na uzi wangu wa nailoni mfuko utakosa njia, ama utachelewa, ama utatokea pengine.

Akanyamaza. Akampigia mwanawe Nairobi, akaweka spika. Kijana akasema fundi, huku Nairobi wanafunika siti yote na hakuna maneno. Nikamjibu kwa heshima kwamba sijui nani anafanya nini huko, na siti iliyofunikwa haitoi maneno mpaka siku igongwe. Kijana akasema basi babangu aamue. Mzee akasema mimi si fundi, nitaamuaje. Tukarudi pale pale, kahawa ya pili, na mimi jua linapanda siti hazijashonwa hata moja.

Mtu mzima hubishani naye ukapandisha sauti, na mimi sikulelewa hivo. Nikaenda kwenye cherehani, nikashona vipande viwili vya leza kwa ule uzi wangu, nikampa. Vuta mzee. Akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni, haukuachia. Nikashona vingine viwili kwa uzi mwembamba wa nguo, nikampa. Alivuta mara moja tu ukatatarika wote. Akavigeuza vile vipande mkononi muda mrefu. Nikajua tumemaliza, nikashika mkasi.

"Sasa si ushone hapo kwa huu mwembamba?"

Nakwambieni ukweli, nilichoka hapo hapo, lakini swali lilikuwa zuri na lilistahili jibu. Nikakaa chini ya miguu yake. Nikamwambia kiwandani wamepima, wanajua ule uzi unapasuka kwa nguvu kiasi gani, na wamejaribu kwa siti nzima nzima. Mimi nikikisia uzi, ukiwa mwembamba sana utafumuka vile unavyopanda na kushuka kila siku, ukizidi unene kidogo utaushika mfuko, na sina njia ya kujua mpaka siku ya ajali, na siku hiyo wewe ndo uko hapo, ama mgeni, ama mjukuu wako. Alisikia mjukuu. Akatazama kile kiatu cha mtoto nilichokiweka juu ya meza.

Lakini kiraka bado kilikuwa kiraka, na hapo alikuwa na haki. Kazi yangu si kushona peke yake, mtu akifungua mlango aone kitu kimepangwa. Nikazunguka ile gari mara mbili tatu nikawaza, na jibu likawa kwamba kijivu kisifichwe, kienee. Siti zote, mpaka za nyuma, pembeni ziwe kijivu na katikati kahawia, hapo macho hayataona kiraka, yataona rangi mbili. Nilikuwa na mita mbili na kitu za leza ya kijivu zilizobaki kwa kazi ya tuktuk, nikaziweka kando ya kile kitambaa cha kiwandani, hazikuwa mbali. Mzee akasema hapo sawa. Akaondoka saa 5 na dakika arobaini, na mimi nilikuwa nimejiongezea kufumua vipande kumi kwenye siti nilizozimaliza jana.

Nikaviosha vile vitambaa vya kiwandani kwa sabuni na brashi laini vikiwa pale pale kwenye siti, maji kidogo nisiulowanishe mfuko, nikaviacha vikauke.

Saa 6 na nusu stima ikapotea.

Cherehani yangu ni ile nzito ya mguu unaotembea, unakanyaga leza ukiisukuma nyuma ili tabaka la juu na la chini ziende pamoja, na ina mota. Bila stima inabaki gurudumu la pembeni. Nikaswali, nikala wali na samaki wa kupaka, nikangoja kidogo, mtaa mzima kimya, nikaona saa haziningoji. Nikaanza kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kulia gurudumu, wa kushoto unaongoza leza, tundu moja moja. Mshono wangu ni milimita 4. Ukisogeza matundu karibu zaidi unatoboa leza kama karatasi ya stempu, mtu akikaa inachanika kwenye mstari, ukiyaachanisha sana sponji inachungulia. Kwa mota mikono inakwenda yenyewe, kwa gurudumu inabidi uhesabu, na nilihesabu kipande baada ya kipande, jasho linadondoka nalipangusa kwa bega lisiguse leza. Sijui ilikuwa saa ngapi bega lilipoanza kuuma. Adhana ya alasiri nilisikia, ya magharibi ilinikuta kipande cha nane, na stima ikarudi hapo, watoto wa jirani wakashangilia, mimi nilikunja na kukunjua vidole kwanza ndo nikaweza kuwasha swichi.

Kuvalisha ndo kunakomaliza watu na hakuonekani. Ndani ya sponji kuna waya umezama kwenye mfereji, kava inafungwa kwenye ule waya kwa vipete vya chuma, unabonyeza sponji kwa goti, unatia koleo ndani huoni unachofanya, unakamata kwa kupapasa tu. Kipete kimoja kikikosea, mstari wa katikati unapinda na siti nzima inaonekana imechoka. Viganja vinabaki na alama. Nikapasha joto pembe kwa draya ya nywele ya mke wangu, mikunjo ikaisha, nikarudisha siti zote garini kwa taa ya sola na ya simu.

Mzee akarudi, saa 3 na kitu usiku. Akaketi mbele, akageuka nyuma, akatazama rangi mbili kimya. Halafu akainama akaninyooshea kidole kwenye kichwa cha siti ya abiria. Mshono wa kichwani ulikuwa hauendi sambamba na wa mgongoni, tofauti kama unene wa njiti ya kibiriti. Mimi nilikuwa sijauona. Alikuwa ameona kweli, basi nikakitoa, nikafumua, nikashona tena, dakika arobaini.

Nikachomeka plagi za manjano, mwisho kabisa nikarudisha waya wa betri, nikamwambia mzee awashe yeye. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya eabegi ikawaka. Sisi wote wawili tukaikodolea. Ikakaa kama sekunde sita, ikazima.

Akanihesabia ile baki yangu, akaongeza mia tano, akasema ya kijivu. Kile kiatu cha mtoto akakitia mfukoni. Akatoka na gari uani polepole, na mke wangu alikuwa ameshasimama mlangoni na beseni la nguo lililomngoja toka asubuhi, akafunga kamba kutoka mkunguni hadi dirishani, akaanika usiku ule ule.